Vatuloa Ilipofungwa

15 Novemba
Chifu amefariki alfajiri. Ngoma ya gogo imelia mpaka mbwa wakachoka kubweka. Wageni wa hoteli waliniuliza kama kuna sherehe. Leo hakuna kuzama baharini na wageni.

19 Novemba
Tumemzika. Baada ya maziko wazee walikwenda na mashua hadi mwamba wa Vatuloa, wakasimika mti kwenye ncha yake na kuufunga kitambaa. Mwamba umetiwa mwiko mpaka usiku wa mia upite. Hakuna kuvua, hakuna kutia nanga, hakuna kulowesha hata kidole. Ndivyo tunavyomlilia chifu hapa Nakoroniu, kwa kuipumzisha bahari yake, na samaki watakaorudi ndio watakaoliwa kwenye karamu ya kumaliza msiba.

Nimelia kama wengine. Ila kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu, niseme ukweli: nusu ya machozi yalikuwa ya Vatuloa. Pale ndipo ninapoongea na kaka yangu.

Semesa ni kaka yangu wa tumbo moja. Tangu nilipovunja ungo hatujasemezana. Si ugomvi. Kwetu kaka na dada wakishakua hawaongei ana kwa ana, hawataniani, hawakai mkeka mmoja. Akiingia kwa mlango huu, natoka kwa ule. Nikitaka kumwambia jambo namtuma Ropate, mtoto wa shangazi yetu Kelera, ambaye kwa bahati mbaya ni mtani wangu na hajawahi kufikisha neno bila kulitia chumvi.

Halafu hoteli ikatufundisha sote wawili kuongoza wageni chini ya maji. Miezi ya kwanza tulikuwa tukipeana ishara za kazi tu: hewa imebaki kiasi gani, mgeni yupi anahangaika, tupande. Siku moja nilishuka nikiwa nimelia asubuhi, kwa jambo ambalo sasa hata silikumbuki. Tulipofika chini Semesa akanigeukia, akalionyesha jicho langu, akageuza kiganja juu: una nini? Nikatazama juu kama vile nitamwona Shangazi. Kulikuwa na tumbo la mashua tu. Nikamjibu.

Tangu hapo tumetunga ishara zetu. Marehemu baba ni kuvuta ndevu. Shangazi ni kupepea kwa kiganja. Ropate ni vidole vinavyofunguka na kufumba kama mdomo wa bata. Wageni wakitazama kasa, sisi tunasengenya kijiji kizima. Tukipanda, yeye ananipa mgongo, mimi namwambia Ropate apokee mtungi wangu, tunarudi kuwa kimya mpaka kesho yake.

Sasa kesho yake ni Februari.

24 Novemba
Tumewapeleka wageni mwamba wa nje. Mkondo mkali, maji meusi. Semesa hakuzama. Eti anaangalia injini.

1 Desemba
Bahari imelala leo. Tulikuwa wafanyakazi watatu mashuani, Semesa hatua mbili kutoka nilipokaa, kanipa mgongo.

"Mwambie kaka wageni ni sita," nikamwambia Ropate. "Peke yangu siwawezi. Ashuke."

"Semesa, mke wangu mtarajiwa anasema ushuke."

"Sijasema hivyo, mdomo wako uoze."

"Anasema pia mdomo wangu mzuri."

Semesa akaiambia injini, "Mwambie nina mafua."

"Ana mafua," akasema Ropate, "na anasema utanifaa sana kwa ndoa."

Nilishuka na wale sita. Mmoja alikanyaga tumbawe, mwingine alimfukuza samaki mkunga kwa fimbo ya kamera. Nikageuka kumwonyesha Semesa upuuzi ule, nikamkuta mgeni mwenye tumbo anapunga mkono.

9 Desemba
Semesa hakuzama. Mafua.

13 Desemba
Mvua. Semesa hakuzama, anatengeneza mashine ya kujazia hewa. Mashine hiyo haikuwa na tatizo lolote.

17 Desemba
Nimezipata habari jikoni, kama ninavyopata habari zote za kaka yangu. Shangazi Kelera alikuwa akikuna nazi na kumwambia jirani, kwa sauti ya kutaka nami nisikie, kwamba Semesa amepata kazi ya kufungasha nyama huko Australia. Mkataba wa miaka minne. Ataondoka mwisho wa Machi.

Niliendelea kumenya muhogo. Nilimenya mpaka hakikubaki kitu cha kupika.

Kwanza nilikasirika, na bado nimekasirika. Mtu anayeyajua mapango yote ya Vatuloa anakwenda kusimama kwenye chumba cha barafu akikata mbuzi wa watu! Ana kazi hapa, ana nyumba, ana sauti nene inayobeba kwaya nzima ya kanisa. Anakimbia nini? Na kama ni lazima aende, ndiyo ajifiche nyuma ya mafua miezi yake ya mwisho?

Nimepiga hesabu yangu. Mwiko utaondolewa mwishoni mwa Februari, yeye ataondoka mwishoni mwa Machi. Katikati tuna mwezi mzima. Vatuloa hawezi kuikataa. Nataka kuzama naye pale mara moja tu, nimuulize kwa nini, nimtukane kidogo, kisha nimuage. Nikimuaga huku juu nitampa mkono kama mgeni wa hoteli.

25 Desemba
Krismasi imeangukia Jumapili. Tulivaa meupe, tukala nguruwe na majani ya majimbi kwa tui. Kwaya ilikuwa tamu hadi ubeti wa pili, ndipo Semesa akatoka nje ya sauti. Semesa! Waimbaji wa sauti nene walimgeukia wote kama kuku waliosikia mlango. Akafunga kitabu chake, akaendelea kutikisa midomo tu.

"Yaqona hiyo," Shangazi akanong'ona. "Wamekunywa tangu jana mchana mpaka ulimi umekufa ganzi."

Huenda. Ila kwa yaqona, kinywaji chetu cha mizizi, mtu hupoteza ulimi, hapotezi sikio.

3 Januari
Mvua. Hakuna wageni.

4 Januari
Mvua. Shangazi amenikuta barazani nikifuta miwani ya kuzamia ambayo haikuwa na uchafu.

"Hivi ni kweli kule chini mnaongea?" akaniuliza.

"Nani na nani?"

"Usinifanye mtoto, Vasiti. Mzungu mmoja mwaka juzi aliniuliza kama wewe ni bubu. Anasema yule mwanamume mwingine unaongea naye kwa mikono dakika arobaini bila kupumzika."

Nilihisi masikio yanawaka. Shangazi Kelera ndiye aliyenifundisha kutoka kwa mlango wa nyuma Semesa anapoingia. Ndiye aliyenifinya nilipowahi kusahau na kumwambia chakula kimeiva.

"Ni ishara za kazi, Shangazi."

"Kazi ina maneno mengi kiasi hicho?" Akaichukua miwani, akaitazama mbele na nyuma, akanirudishia. "Haya. Futa."

Sasa nina hofu mpya. Mwiko wa mwamba una mwisho wake. Shangazi akitia mwiko wake kwenye mikono yetu, huo hautaondolewa na karamu yoyote.

11 Januari
Mwamba wa nje. Nimeona papa wanane wakizunguka kwa nidhamu kama wazee wakienda mkutanoni. Semesa hakuzama.

20 Januari
Redio inasema tufani imegeuka, inakuja kwetu.

23 Januari
Nina mshumaa mmoja na mkono wangu wa kulia umechubuka, lakini nitaandika.

Ilifika juzi baada ya chakula cha mchana. Kijiji kizima tulikuwa kwenye jengo la shule, kwa sababu lina kuta za zege. Semesa na Ropate walikuwa wametoka kumleta bibi wa nyumba ya mwisho, ambaye alikuwa amekataa kuacha kuku wake. Nilisimama dirishani, ubao mmoja ulikuwa umefunguka. Niliwaona wakirudi uwanjani, Semesa mbele amembeba bibi mgongoni, Ropate nyuma na kikapu cha kuku, jamani, kikapu cha kuku katika upepo ule.

Bati likang'oka kwenye paa la jiko la shule. Halikuanguka. Liliinuka, likakaa hewani kana kwamba linatafakari, kisha likaja upande wao. Lilikuwa linatokea kushoto kwa Semesa. Ropate akapiga kelele, "Semesa, inama!" Nilimsikia mimi niliye ndani, na upepo ule. Semesa hakuinama. Hakugeuza hata kichwa.

Mdomo wangu ulifunguka. Jina lake lilikuwa pale, nililihisi kwenye meno, na halikutoka. Kaka yangu anakaribia kukatwa kichwa na mimi nimesimama dirishani nikiwa na adabu zangu zote.

Ropate alitupa kuku, akamkumba miguuni. Walianguka wote watatu topeni, bati likapita juu yao na kwenda kugonga mnazi. Walipoingia, bibi alikuwa akimtukana Ropate kwa ajili ya kuku. Watu wakacheka, kwa namna watu wanavyocheka wakiwa wameokoka. Semesa alikaa pembeni, akajifuta uso. Nilitoka kwa mlango mwingine kama ilivyo desturi, nikasimama kwenye korido, nikaupiga ukuta wa zege kwa mkono wa kulia.

Nyumba yetu imepoteza paa nusu. Ile ya Shangazi imesimama.

27 Januari
Majimbi yote yameoza mashambani, matunda ya shelisheli yameanguka mabichi. Wazee wameamua: hakuna chakula, hakuna karamu. Na bila karamu mwiko hauondolewi. Vatuloa itabaki imefungwa mpaka baada ya Pasaka.

Baada ya Pasaka Semesa atakuwa tayari kwenye barafu.

29 Januari
Jumapili. Tumesali chini ya turubai. Semesa hakukaa na kwaya kabisa.

Nilimfuata Ropate ufukweni akikarabati mashua.

"Semesa ana nini?"

"Ana dada mwenye maswali."

"Ropate. Ulimwita akiwa hatua tatu mbele yako, na mimi nilikusikia ndani ya zege. Ana nini?"

Alitazama kushoto na kulia. Nilingoja mzaha, haukuja. Sikujua kuwa Ropate ana uso mwingine chini ya ule wa kila siku.

"Sikio la kushoto limekufa," akasema. "Unamkumbuka yule mama wa wiki ya kabla ya msiba, aliyezama kama jiwe kwenye ukuta wa Vatuloa?"

Namkumbuka. Nilikuwa mbele na wageni wengine. Nilipogeuka Semesa alikuwa tayari anampandisha, amemshika mkono, na mama yule anaonyesha kuwa yu salama.

"Alimfuata moja kwa moja chini, hakupata nafasi ya kuzibua masikio. Kitu kikapasuka ndani. Alipokwenda mjini Suva ukaambiwa anakwenda kung'oa jino, alikuwa kwa daktari wa masikio. Daktari kamwambia akizama tena kizunguzungu kitamkamata huko huko chini, asijue juu ni wapi. Basi tena. Hatazama maisha yake yote."

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Alinikataza."

"Tangu lini unatii?"

"Alisema ukijua, na wewe utaacha." Ropate akachukua brashi, akaanza kupaka rangi mahali palipokwisha kupakwa. "Alisema, 'Yule anapenda chini kuliko juu. Mwache.'"

Nilikaa kwenye mchanga. Mtu niliyemsema hapa kwa kurasa kadhaa kwamba anajificha nyuma ya mafua! Hakuna mkimbizi hapa, kuna mzamiaji asiyeweza kuzama, na kisiwa ambacho kazi yake pekee kwa mtu kama yeye ni bahari. Nimeyaona yote, injini, mashine, kitabu cha nyimbo kilichofungwa, na nikayapa jina la uvivu.

30 Januari
Nimewaza usiku wote. Sasa najua hatashuka nami popote. Lakini mwamba wa nje ni ukuta mrefu na maji yake ni meusi, wakati mgongo wa Vatuloa uko mita saba tu, na maji yakiwa safi mtu aliyelala juu na miwani yake anamwona aliye chini mpaka kucha. Anahitaji kulala juu ya maji tu. Hilo daktari hakulikataza.

Basi bado naitaka Vatuloa, na kabla ya Machi kwisha.

6 Februari
Nimempa Ropate ujumbe: "Mwambie mwamba ukifunguliwa hana haja ya kushuka."

Amerudi na jibu: "Anasema hautafunguliwa."

"Ndivyo alivyosema? Hujaongeza kitu?"

"Nimepunguza. Alinitukana kwanza kwa kukuambia habari ya sikio."

13 Februari
Barua ya kazi imekuja. Wanamtaka mapema. Ataondoka tarehe nne Machi.

14 Februari
Mvua.

15 Februari
Mvua. Nimepita na mashua mbali na Vatuloa. Kitambaa kimechanika lakini mti umesimama. Tufani imeng'oa kanisa ikauacha mti. Nilifikiria kwenda naye kwa siri, mapema, kabla watu hawajaamka. Nilifikiria kwa kirefu, mpaka saa ya kwenda. Lakini ningekuwa namuaga kaka yangu juu ya msiba wa watu, na yeye asingekubali. Hata mimi nisingempenda kama angekubali.

19 Februari
Mkutano wa ukoo umefanyika jana. Wanawake hawaketi mbele, lakini Shangazi Kelera ni binti wa nyumba ya chifu na akikohoa wanaume huweka bakuli chini. Ropate alikuwa akikanda yaqona, kanisimulia yote, na kwa mara ya kwanza naamini hakuzidisha.

Mzee mmoja alisema ni aibu kumaliza msiba wa chifu kwa muhogo. Shangazi akakohoa.

"Mwaka wa tufani ile nyingine marehemu alikula nini?"

Wazee wakatazama bakuli.

"Nawauliza. Alikula nini mwaka mzima, mkeka mmoja na nyinyi? Alikula muhogo na chumvi, akasema Mungu ni mwema. Leo mnamfungia bahari kwa sababu hamna majimbi ya kujionyesha nayo. Wanawake tuna mikeka. Wajomba zake ng'ambo wana nguruwe wawili. Samaki wako pale, wamenona tangu Novemba. Nini kimepungua?"

Mzee akasema mbona haraka.

"Mimi ni mzee," akasema Shangazi. "Mzee ana haraka."

Karamu ni tarehe mbili Machi.

Jioni nilimkuta akisuka mkeka. Nilitaka kumwambia ahsante, nikaogopa asije akaniuliza ni ya nini. Nikakaa nikamsukia pindo. Hakunitazama, ila alinisogezea ukili ulio laini, ambao huwa hampi mtu.

26 Februari
Upepo. Mungu aushushe.

28 Februari
Upepo bado. Maji ya Vatuloa yatakuwa na vumbi la mchanga. Nimemuuliza Ropate mara tatu keshokutwa itakuwaje. Mara ya tatu amesema atanioa ili nikae nyumbani ninyamaze.

2 Machi
Wameung'oa mti. Wazee walitoa jino la nyangumi, zawadi kuu ya kwetu, wakasema maneno, wakapiga makofi mazito ya heshima. Kisha vijana wakaachiwa na nyavu, na jamani samaki! Pono wakubwa kama mito ya kulalia, chewa, tasi kwa mafungu. Tulikula muhogo na samaki na nguruwe wawili wa wajomba, na hakuna aliyeuliza majimbi yako wapi. Semesa alikaa upande wa wanaume, sikio zima likiwaelekea wasemaji. Mimi nilikuwa jikoni. Upepo umelala kabisa.

Kesho hoteli inataka kamba za maboya zikaguliwe kabla ya kuwarudisha wageni Vatuloa. Mzamiaji mmoja, mtazamaji mmoja juu ya maji, mwendesha mashua. Semesa amejitolea kuwa mtazamaji. Nimeambiwa na Ropate, neno kwa neno.

3 Machi
Tulifika jua likiwa limepanda. Maji yalikuwa safi kiasi kwamba mashua ilikuwa kama imetundikwa hewani. Nilishuka kwanza. Kamba nilizikagua kwa dakika tano. Hazikuwa na neno. Nikakaa kwa magoti kwenye mchanga, katikati ya matumbawe laini ya zambarau, nikatazama juu.

Alikuwa pale. Amelala kifudifudi juu ya maji, mikono ameitandaza, jua nyuma yake.  Kisha akavuta ndevu asizo nazo, akaelekeza upande wa makaburi, akafagia kwa kiganja: kaburi la baba, ulisafishe. Nikamjibu sawa.

Nikamwonyesha kila kitu. Yule samaki wa bluu mwenye nundu, ambaye tulidhani ameuawa mwaka jana, amerudi, kanenepa, alikuja kunitazama usoni kama mkaguzi wa shule. Nikamwonyesha kombe kubwa lililofunga mdomo nilipolipitishia kivuli. Nikamwonyesha pango la kamba kochi ambalo vijana wa kijiji hawakulifikia, ndevu za kamba hao zimejaa mlangoni. Kila mara Semesa alirusha ngumi majini kwa furaha, nikaona povu lake lakini si pumzi yake.

Akagusa sikio lake la kushoto, akakata hewa kwa kiganja. Limekwisha.

Najua, nikamwambia.

Nani?

Nikafanya mdomo wa bata. Alicheka mpaka miwani ikaingia maji, ikabidi ainue kichwa kuimwaga.

Aliporudi nilimuuliza kama anaogopa. Akasema kidogo. Nikamuuliza kama linauma. Akasema halijambo. Akaonyesha vidole vinne, akavifumba kimoja kimoja haraka haraka, ili nione kuwa miaka si kitu. Nilitaka kumwambia neno kubwa zaidi na nikagundua hatukuwahi kulitungia ishara. Miaka yote tumetunga ishara za kusengenya. Nikaweka kiganja kifuani, nikakikunja kama mtu anayekamua nguo. Nilirudia mara mbili.

Akanitazama. Halafu akatoa gumba juu: panda.

Katika kazi yetu gumba halijadiliwi. Mwenzako akitoa gumba, na wewe unatoa, mnapanda, maswali baadaye. Nimewafukuza wageni mashuani kwa kutolitii. Nilitazama kipimo changu cha hewa, sindano ilikuwa imeingia kwenye nyekundu. Nikajifanya natazama kamba ya boya. Akatoa gumba tena. Nikajifanya kombe limenishangaza. Mara ya tatu akapiga maji kwa kiganja cha wazi, kwa nguvu, na huo mshindo niliuhisi mwilini. Nilimtazama, sikutoa gumba, nikabaki nimepiga magoti mpaka hewa ikaanza kuwa ngumu kuvuta kama uji mzito. Ndipo nilipopanda.

Nilipotoa kichwa alikuwa tayari mashuani, amenipa mgongo. Ropate akapokea mtungi wangu, akatazama kipimo, akapiga mluzi.

"Mwambie," Semesa akasema, na sauti ilimtetemeka kwa hasira, "mwambie nikiwa mbali akifanya hivyo tena hakuna atakayempigia maji."

Ropate akanigeukia. "Umesikia?"

"Mwambie nimesikia."

"Amesikia," akasema Ropate, na akawasha injini.

4 Machi
Meli ya kwenda Suva ilichelewa, ikaja saa nne. Gatini kulikuwa na mikeka, mafuta ya nazi, shada, kwaya ikaimba bila sauti yake. Aliwakumbatia wote. Aliponifikia alisimama kidogo, akatazama miguu yangu, mimi nikatazama yake, viatu vipya, kavifunga vibaya. Akapita.

Alikwenda kusimama nyuma ya meli, upande wa gati, lakini meli ilipogeuka ilimgeuza na yeye, ikatuachia bega lake la kushoto. Injini zilikuwa zimeshika. Watu walikuwa wanapunga vitambaa. Nami nikamwita. Nilimwita kwa jina, Semesa, kwa sauti yote niliyo nayo, mara moja, tena mara ya pili, jina ambalo halijatoka mdomoni mwangu tangu utotoni. Nilijua ni sikio gani lililotuelekea. Ndiyo maana nilithubutu.

Hakugeuka.

Shangazi Kelera alikuwa bega kwa bega nami. Hakuna namna ambayo hakusikia. Alitazama meli mpaka ikavuka mwamba, akakohoa, akajifunga vizuri kanga yake.

"Vasiti," akasema, "zile nguo umezianua?"

"Bado, Shangazi."

"Twende basi. Mvua inakuja."